Babu yumo kwenye sensa ila jina lake hulioni: jinsi ya kuitumia sensa kutafuta historia ya ukoo

Tulipomzika babu mzaa baba, ubishi mkubwa haukuwa wa mirathi, ulikuwa wa kibao cha msalaba. Fundi kakaa na rangi yake anasubiri aambiwe mwaka wa kuzaliwa na kila mtu ana mwaka wake. Kitambulisho cha taifa kinasema 1938, kadi yake ya zamani ya kupigia kura inasema 1935, baba mkubwa anasema haiwezekani kabisa kwa sababu mzee mwenyewe alikuwa anatuhadithia alivyokuwa kuli bandarini wakati wa ule mgomo mkubwa wa 1947, sasa mtoto wa miaka tisa anabebaje magunia. Ndo binamu yangu mmoja akasema jambo ambalo lilinikaa kichwani mpaka leo: si alihesabiwa kwenye sensa zote hizo jamani, twendeni tukaangalie waliandika nini.

Nikaenda. Sitataja ofisi gani, na yule dada wa mapokezi hakuwa na kosa lolote, ila nilizungushwa madirisha matatu siku nzima kabla mzee mmoja hajaniambia kwa upole kwamba ninachokitafuta hakitolewi kwa mtu, na kwamba nimekuja na wazo la nchi nyingine. Nimetumia muda mrefu tangu siku ile kuelewa alimaanisha nini, na kwa kuwa naona watu wengi hapa Dar wanaingia kwenye shimo lilelile niliangukia mimi, acha nieleze kwa kadiri ninavyolijua.

Tuanze na hilo wazo la nchi nyingine. Ukifungua video za mitandaoni za watu wanaotafuta mababu zao utawaona Wamarekani na Waingereza wanaandika jina kwenye kompyuta, linatokea karatasi la sensa la miaka mia na kitu iliyopita, jina la baba, mke, watoto sita, mpangaji, kazi, mahali walipozaliwa, na huyo mtu anaanza kulia pale pale. Hiyo ni kweli kabisa haijaigizwa. Uingereza wanahesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu 1801, isipokuwa 1941 wakati wa vita, na kuanzia 1841 waliandika majina ya kila mtu ndani ya nyumba. Wana utaratibu kwamba karatasi zenye majina zinafungwa miaka 100 afu zinafunguliwa, ndo maana sensa yao ya 1921 watu waliisoma Januari 2022. Marekani walianza 1790, mwanzoni wakaandika jina la mkuu wa kaya peke yake na wengine wote ni namba tu, mpaka 1850 ndo kila mtu huru akaandikwa jina. Wao wanafunga miaka 72, kwa hiyo sensa ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022.

Nimesema kila mtu huru na nimelisema makusudi. Watumwa kwenye sensa za 1850 na 1860 waliwekwa kwenye orodha ya pembeni chini ya jina la bwana wao, umri, jinsia, rangi, basi, bila jina. Mtu mweusi wa Marekani anayetafuta ukoo wake anarudi nyuma vizuri mpaka 1870, sensa ya kwanza baada ya utumwa kufutwa, akifika hapo anagonga ukuta. Kwa hiyo hata huko wanakotoa zile video kuna watu ambao babu yao yumo kwenye hesabu lakini jina lake halimo. Mimi nilipolielewa hili nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake una jina, maana ukuta wetu sisi una undugu na ule.

Sasa njoo huku kwetu. Serikali ya Waingereza ilihesabu watu Tanganyika mwaka 1921, 1931, 1948 na 1957. Kwenye zile mbili za kwanza Mwafrika hakuhesabiwa kama mtu mmoja mmoja mwenye fomu yake, hesabu zilikusanywa kwa makundi kupitia machifu, majumbe na watu wa kodi, kijiji hiki wanaume wangapi wanawake wangapi watoto wangapi, wakati Wazungu na Waasia waliandikiwa fomu zao. Ya 1948 ndo ilikuwa hesabu ya kwanza ya kueleweka, ikapata watu karibu milioni 7 na nusu Tanganyika nzima. Baada ya uhuru tukaja na za kwetu: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hii ya mwisho ilifanyika Agosti 23, makarani wakiwa na vishikwambi badala ya madaftari, na ikatoa watu 61,741,120.

Lakini hizi za baada ya uhuru si waliandika majina? Karani anapokuja nyumbani anaorodhesha watu wa kaya mmoja mmoja, ndiyo. Ila jina pale lina kazi ya kumsaidia karani asimruke mtu wala asimhesabu mara mbili, halina kazi ya kuwekwa hadharani. Sheria ya Takwimu inasema taarifa za mtu binafsi ni siri na zinatumika kwa takwimu tu, na wafanyakazi wanaapishwa kwa hilo. Sisi hatuna ule utaratibu wa kwamba baada ya miaka kadhaa mjukuu anaruhusiwa kuja kusoma fomu ya babu yake. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inachotoa ni majedwali: mkoa, wilaya, kata, umri, jinsia, kaya zina watu wangapi. Hata ile data ambayo watafiti wa vyuo vikuu wanaipata ya 1988, 2002 na 2012 ni sampuli iliyotolewa majina yote. Kwa hiyo yule mzee wa ofisini alikuwa sahihi, na mtu yeyote mtandaoni anayekuambia umtumie hela akutolee fomu ya sensa ya bibi yako anakuibia, mwache.

Na mimi siri hiyo naitetea kwa moyo wote. Mtu anamwambia karani ukweli, kwamba mtoto huyu si wa kumzaa, kwamba mume alishaondoka, kwamba ndani kuna mlemavu ambaye majirani hawamjui, kwa sababu anaamini hayatatoka nje. Ukifungua hilo daftari mapema, sensa inayofuata watu watadanganya.

Basi mtu anasema kama ni hivo sensa haina maana kwangu. Hapo ndo nataka ukae kidogo, kwa sababu mimi pia nilisema hivohivo na nilikosea. Sensa ina vitu viwili, ina karatasi na ina akili. Karatasi hatuipati ila ile akili, yaani namna watu wa sensa walivyofikiri jinsi ya kupata ukweli kwa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, asiyejua umri wake, mwenye majina matatu, anayeishi na watoto wa ndugu zake, hiyo iko wazi kwa kila mtu na ndo imetutoa sisi.

Chukua suala la umri. Makarani wetu miaka yote wamekuwa wanakutana na wazee wasiojua wamezaliwa lini, na dawa yao ilikuwa kalenda ya matukio. Ni orodha ya mambo makubwa yaliyotokea nchini na kwenye eneo lile pamoja na miaka yake, mzee haulizwi una miaka mingapi, anaulizwa wakati wa jambo fulani ulikuwa wapi, ulikuwa umeshaoa, ulikuwa unachunga mbuzi, au ulikuwa bado hujazaliwa. Kwetu unaweza ukaanza na Maji Maji ya 1905 mpaka 1907, kuingia kwa Waingereza Dar Septemba 1916, homa kubwa ya 1918, uhuru 1961, maasi ya wanajeshi Januari 1964 ambapo watu wa Dar walijifungia ndani, Azimio la Arusha 1967, watu kuhamishiwa vijijini miaka ya katikati ya 70, vita ya Kagera 1978, kifo cha Sokoine Aprili 1984, MV Bukoba Mei 1996, mvua za Elninyo mwisho wa 1997 kuingia 1998, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999. Kila ukoo unaongezea ya kwake, mwaka nyumba ya mtaa fulani iliungua, mwaka shangazi aliolewa.

Nikaichukua hiyo nikaenda nayo kwa bibi mdogo, dada yake babu, anaishi Mbagala Rangi Tatu na kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu. Sikumuuliza miaka, nikamuuliza babu aliondokaje Songea. Akasema alichukuliwa na gari la Silabu. Silabu ni ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa inakusanya vibarua kutoka Songea, Kigoma na kwingineko, ilianza 1944. Kumbe tayari nina ukingo mmoja, babu hakuondoka kwao kabla ya 1944. Akapelekwa Kimamba huko Kilosa akiwa manamba, na neno lenyewe unalisikia, mtu alipewa namba, jina likabaki kwao. Alipomaliza mkataba hakurudi, akaja Dar, akapata kazi bandarini, na mgomo wa makuli wa Septemba 1947 ukamkuta. Huo ni ukingo wa pili. Kijana anayekubaliwa kukata mkonge 1944, 1945 hivi, hata awe mdogo kiasi gani atakuwa na miaka 15 na kuendelea. Yaani 1938 haipo, 1935 haipo, tuko 1930 au kabla ya hapo. Bila karatasi hata moja, kwa maswali mawili tu ya kikarani.

Sasa zile tarehe za kwenye vitambulisho zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kukadiria. Wazee wengi wameandikishwa Januari 1 au Julai 1 ya mwaka wa kubahatisha kwa sababu fomu haikubali nafasi tupu. Na kukadiria huku si kwetu tu. Sensa ya Uingereza ya 1841 makarani waliambiwa wakubwa wa zaidi ya miaka 15 washushwe mpaka namba ya tano iliyo karibu, mtu wa miaka 44 akaandikwa 40, na leo kuna wajukuu wanagombana kule kama tulivyogombana sisi pale makaburini. Kwenye majedwali ya sensa za kwetu ukiangalia umri wa mwaka mmoja mmoja unaona watu wanajaa kwenye 40, 45, 50, 60, afu 41 na 59 kunakuwa na watu wachache, si kwamba mwaka ule hawakuzaliwa, ni kwamba mtu akikadiria anakimbilia namba inayoishia na sifuri au tano. Ukiona umri wa namna hiyo kwenye karatasi yoyote ya ukoo, iwe cheti cha ndoa au kadi ya hospitali, uchukulie kama umbali unaouona kwa macho, bado haujapimwa kwa futi kamba.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni kaya. Sensa haihesabu ukoo, inahesabu waliolala. Mwaka 2022 swali lilikuwa nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23, na kaya ni wale wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kwa hiyo baba yako mzazi anaweza akahesabiwa Mtwara alikoenda kununua korosho, wewe ukahesabiwa kwa shangazi Tandika ulikokuja kusoma, na kwenye kaya ya mama yako akawepo mpangaji na mtoto wa jirani. Ukilielewa hili linakusaidia na karatasi nyingine zote. Orodha ya watu wa nyumba moja, popote utakapoikuta, haikuambii nani kamzaa nani mpaka uone safu ya uhusiano na mkuu wa kaya, na hata hiyo safu kwetu ina mtego wake. Mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, mimi nikiulizwa na mtu huyu ni nani nasema ni mwanangu na sijadanganya. Mama mkubwa ni mama, baba mdogo ni baba. Karani aliyefunzwa vizuri atauliza wa kumzaa mwenyewe? Wewe unayetafuta ukoo uliza hivohivo kila mara hata kama unaona aibu, kwa sababu sisi tulikuwa na mjomba ambaye miaka yote tunamweka tumbo moja na mama yetu kumbe mama zao ni dada.

Afu nani alijibu? Kwenye sensa ya Marekani ya 1940 karani alitakiwa aweke alama ya msalaba ndani ya duara baada ya jina la mtu aliyempa majibu, na mimi naona hilo ni jambo la busara kubwa sana. Majibu ya mke kuhusu umri wa mama mkwe wake si sawa na majibu ya mama mkwe mwenyewe. Kwa hiyo kwenye daftari lako la ukoo usiandike tu babu alizaliwa 1928, andika kasema nani, siku gani, yeye alikuwepo au alihadithiwa.

Majina nayo. Wenzetu wana jina la ukoo linalopita karne na karne, unaandika jina moja kwenye tovuti ya kutafuta ukoo ya FamilySearch, ambayo ni bure, unapata nyumba nzima. Sisi wengi wetu wa pwani na mikoa mingi tunafuatisha jina langu, la baba, la babu, na mtoto wangu jina la babu linadondoka mwishoni. Kila kizazi kinahama hatua moja. Juu ya hapo mjukuu anarithi jina la babu, kwa hiyo ukikuta jina lilelile mara mbili usikimbilie kusema ni mtu mmoja, inaweza ikawa miaka 50 iko katikati. Na mtu huyohuyo anaweza kuwa na jina la nyumbani, jina la ubatizo au la madrasa, na jina la kazini alilopewa na mnyapara. Ila jina la kwetu lina kitu ambacho John na Mary hawana, linabeba taarifa. Mwajuma na Mwanahamisi wanakuambia siku, Mosi, Pili na Tatu wanakuambia wamezaliwa wa ngapi, Mabula kwa Wasukuma anakuambia mvua, na wakina Shida, Tabu, Uhuru na Azimio hawahitaji maelezo. Ukiwa na bibi anaitwa Tatu na kwenye ukoo unamjua dada yake mkubwa mmoja tu, kuna mtu hujamwandika.

Mipaka nisiipite bila kuisema ingawa ni fupi. Karatasi la miaka ya 1960 likisema Ziwa Magharibi ni huko Kagera ya leo. Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002, Njombe ilitoka Iringa na Katavi ikatoka Rukwa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Hapahapa Dar kuna watu wamezaliwa Kinondoni na sasa nyumba ileile iko Ubungo, na wa Temeke wamejikuta Kigamboni bila kuhama. Kwa hiyo ukitafuta kwenye faili za zamani tafuta kwa jina la eneo la wakati ule, usitafute kwa jina la leo.

Yale majedwali yasiyo na majina nayo yana kitu. Dar es Salaam mwaka 1948 ilikuwa na watu kama elfu 69 tu. Mwaka 1957 elfu 129, mwaka 1967 elfu 273, mwaka 2012 ni 4,364,541 na mwaka 2022 ni 5,383,728, na ingawa mipaka ya mji imetanuka katikati hapo, ujumbe hauwezi kukosewa, karibu sisi wote tuna mtu mmoja aliyeteremka hapa kutoka kwenye treni, gari la mkaa au jahazi. Babu yangu alipofika mji mzima ulikuwa na watu wa kuenea kwenye uwanja wa Mkapa na wengine kidogo nje. Nilipoliona jedwali lile nikaelewa kwa nini alikuwa anasema enzi zile unapita Kariakoo unasalimia kila mtu kwa jina, nilidhani anatia chumvi. Halafu sensa ya 1967 ndo ya mwisho kuuliza watu kabila, na hesabu zake zinaonyesha watu wa kabila fulani wako wangapi wilaya ipi. Ukitaka kujua kwa nini ukoo wako wa Kingoni una matawi Morogoro na Tanga, angalia mkonge ulikuwa wapi afu angalia hizo hesabu, unaona watu walivyofuata kazi.

Sasa majina yenyewe yako wapi kama sensa haiyatoi? Yako kwa watu waliokuwa na sababu ya kuandika jina. Kwa familia za Kikristo cha kwanza kabisa ni daftari la ubatizo. Bagamoyo mapadri walifika 1868, Peramiho Wabenedikti walifika 1898, na madaftari ya Kikatoliki yana utaratibu mmoja mzuri, pembeni ya ubatizo wa mtu wanaongezea baadaye kipaimara na ndoa yake, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukupa wazazi, msimamizi, tarehe na mke. Omba kwa adabu, nenda na barua ya parokia yako, usiende siku ya sikukuu. Kwa familia za Kiislamu uliza vyeti vya ndoa, talaka na karatasi za mirathi, wazee wengi wamezikunja wakaziweka ndani ya msahafu au kwenye sanduku la bati, na mashahidi waliotajwa humo mara nyingi ni ndugu. RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili, wana vizazi na vifo lakini ujue kwamba wakati wa ukoloni kusajili mtoto kulikuwa kwa lazima kwa Wazungu na Waasia, Waafrika wengi hawakusajiliwa, kwa hiyo kwa mtu wa umri wa babu yangu usiweke matumaini yote hapo.

Kuna Nyaraka za Taifa pale Upanga. Huko kuna faili za Wajerumani, faili za Waingereza, na yale madaftari ya wilaya ambayo mabwana shauri walikuwa wanaandika habari za machifu, majumbe, koo zinazotawala, desturi na kodi. Kama ukoo wako ulikuwa na jumbe au akida hata mmoja una bahati. Kama hamkuwa naye bado soma daftari la wilaya yenu, litakupa matukio ya kuweka kwenye kalenda yako. Uliza utaratibu wa kibali kabla hujapoteza nauli, na beba penseli. Chuo Kikuu pale Mlimani nao wana sehemu ya maktaba yenye vitabu na machapisho ya zamani ya Afrika Mashariki, zikiwemo ripoti za sensa.

Na nyumbani, jamani, nyumbani kwanza. Kadi ya TANU, barua ya kustaafu, kadi ya kliniki, risiti ya kodi, hati ya kiwanja, picha yenye maandishi nyuma. Piga picha kwa simu pande zote mbili, tuma kwa watu watatu tofauti, maana maji ya mafuriko ya Jangwani hayachagui karatasi.

Kilichotufungulia mlango lakini ni swali moja ambalo nililiiba kwenye dodoso la sensa. Wanawake huulizwa umezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamefariki. Waingereza waliliuliza kwa wake za watu mwaka 1911 na za kwetu huwa nalo. Siku ya arobaini ya babu, baada ya misa na chakula, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka, nikamwomba bibi mdogo anijibu kwa niaba ya mama yao. Sikumuuliza mko wangapi, hilo tulishalijua, wako wanne. Nikamuuliza bibi, mama yenu alizaa mara ngapi.

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikajuta. Akasema tisa.

Akaanza kuwataja kwa vidole, mmoja mmoja, na alipofika kwa wale watano alishusha sauti lakini kila mmoja alikuwa na jina. Wawili walikufa kwa surua wiki moja. Mmoja aliishi siku tatu. Baba mkubwa ambaye ana miaka zaidi ya 70 alikuwa anayasikia majina hayo kwa mara ya kwanza. Na hapo katikati, bila mtu kumuuliza, bibi mdogo akasema babu yenu ndo alikuwa wa pili, alimfuata yule wa kwanza aliyebatizwa siku moja na kengele mpya ya kanisa.

Kijana wetu aliyeko Songea alienda parokiani na karatasi yenye majina tisa. Katekista akamfungulia daftari, akamtafuta huyo wa kwanza, na kurasa kadhaa mbele babu alikuwepo, mwaka 1928, jina la baba, jina la mama, msimamizi. Na wale wengine saba nao wako humo, waliokufa kwa surua wana msalaba mdogo wa wino pembeni.

Kibao cha msalaba tumekipaka upya mwezi uliofuata. Na kwenye daftari la ukoo, pale nilipokuwa nimeandika watoto wanne, nimechana ukurasa nikaandika tisa.